Kongwa Lililoonekana Jembe

Niliondoka Kinondoni asubuhi moja bila kujua ninakoelekea. Nilichojua ni mahali nisipotaka kufika, napo palikuwa nyuma ya lori.

Miaka ile ya Ujamaa kulikuwa na majira ambayo mgambo walipita mitaani kutafuta watu wasio na kazi. Aliyekosa kitambulisho cha kazi aliitwa mzururaji, au kupe kama aliyemkamata alikuwa na ulimi mkali, kisha alipandishwa lori na kupelekwa mashamba ya mbali ambako, kwa maelezo ya redio, ardhi ilikuwa tele na hewa safi. Sikatai kwamba ardhi ilikuwepo. Nawafahamu waliokwenda, wakalima, wakaoa huko huko na hawakurudi kwa sababu hawakutaka kurudi. Lakini mimi niliacha shule darasa la sita kwa kushindwa kukaa mahali pamoja mbele ya ubao. Wazo la kuwekwa mahali na mtu mwingine, halafu nisiruhusiwe kuondoka, lilinikausha mate.

Nilikuwa naishi kwa binamu yangu, karani wa bohari, mtu mwenye kadi, mke na watoto. Asubuhi hiyo alikuwa ananyoa ndevu kwa kipande cha kioo alichokiegemeza dirishani.

"Jana balozi kaniuliza tena," alisema. Balozi ni yule kiongozi wa nyumba kumi, aliyetakiwa kumjua kila anayelala katika nyumba zake. "Kaniuliza, yule ndugu yako anafanya kazi wapi? Nikamwambia anatafuta."

"Akasemaje?"

"Akasema kutafuta si kazi. Leo au kesho wanapita nyumba kwa nyumba. Mie nina watoto, bwana. Sitaki waje wakukute chini ya kitanda changu."

"Nani kakwambia nitajificha chini ya kitanda?"

"Mara iliyopita ulijificha wapi?"

Mara iliyopita nilijificha chini ya kitanda.

Nikachukua mfuko wangu. Ndani mlikuwa na shati, taulo, kipande cha sabuni ambacho wakati ule kilikuwa mali, na ukurasa mmoja wa kitabu. Ukurasa huo niliupata Temeke kwa muuza karanga, aliyekuwa anachana kitabu kikuukuu kisicho na jalada apate karatasi za kufungia. Kilikuwa kitabu cha Kizungu, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Nilimwomba ule mmoja kabla mkono wake haujaufikia.

Ulikuwa na picha ya msafara. Watu walitembea kutoka kushoto kwenda kulia, shingo zao zimefungwa kwenye makongwa, zile panda za miti walizofungwa watumwa, na nyuma yao kulikuwa na mtu mwenye bunduki. Haikuwa picha ya kamera wala ya kalamu. Anga lote lilijazwa mistari iliyolala sambamba, myembamba kuliko uzi, na sikuelewa ni mkono gani wa mtu ungeweza kuipiga bila kutetemeka. Kitu kingine kilinitisha. Mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ulianzia juu angani, ukashuka wima, ukapita katikati ya koo la mtu wa tatu. Wenzake haukuwagusa. Niliamini kwamba aliyetengeneza picha alitaka kutuonyesha ni nani atakayechinjwa. Kila nilipoutoa ukurasa niliangalia koo lile kwanza, na kila mara nilijipapasa langu.

Nilipita Magomeni nikashuka bonde la Jangwani kuelekea Ilala. Nilikuwa nimegundua kwamba mzururaji hujulikana kwa mwendo. Mwenye kazi hutazama mbele na hukasirika akizuiwa njia. Basi nami nikatazama mbele, nikajitia hasira. Lakini nilipokaribia sokoni Ilala niliona lori limesimama, na nyuma yake watu wamekwishajaa. Mmoja alikuwa amevaa kandambili na ameshika mkate kwapani. Ni dhahiri alikuwa ametoka kununua mkate tu. Alikuwa anaubinyabinya ule mkate huku akitazama barabarani, labda akitafuta mtu wa mtaani kwake ampe aupeleke nyumbani.

Macho yetu yalikutana. Alifungua mdomo. Mimi nikageuka.

Nikainama nyuma ya jalala nisionekane. Nilipoinuka niliona kipande cha mbao nene, kama urefu wa mkono wangu, kimetupwa na mabaki ya kreti. Nikakitia begani. Mtu aliyebeba mbao hawezi kuwa mzururaji, nilijiambia, mtu aliyebeba mbao ametumwa. Nikashika njia ya Chang'ombe, kwenye viwanda na karakana nyingi, nikidhani mahali penye kelele za kazi pangenificha.

Nilizunguka na ile mbao hadi jua likasimama utosini. Hatimaye sauti ilinipigia kelele kutoka kwenye banda la mabati.

"Bwana mdogo! Hiyo mbao unaipeleka wapi?"

Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye chale usoni zilizoanza kufifia, mtu wa kusini. Suruali yake ilijaa vumbi la mbao.

"Shikamoo mzee. Naipeleka kazini."

"Marahaba. Kazini wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili. Siku zote swali la pili ndilo lililoniangusha.

"Kazi yake ni kubeba mbao," alijibu mwanamke mmoja aliyekuwa ndani, amekaa katikati ya rundo la magunia. "Kapita hapa mara mbili, mie namwona. Mbao haijachoka, kachoka yeye."

Yule mzee alinitua mbao begani bila kuomba. Hakuitazama ubavuni. Aliitazama kichwani, pale ilipokatwa, akatema mate kidogo, akasugua kwa dole gumba hadi mviringo wa mti ukajitokeza. "Mninga," alisema. "Watu wanatupa mninga. Ingia ndani, acha kuning'inia mlangoni kama pazia."

Alikuwa fundi mchongaji. Zamani alichonga vinyago vya mpingo, lakini siku zile alitengeneza chapa za mbao za kugongea magunia: jina la chama cha ushirika, aina ya nafaka, daraja lake. Yule dada ndiye aliyegonga. Alipaka chapa wino, akaikandamiza kwenye gunia kwa uzito wake wote, akainua, akavuta jingine. Kulikuwa na kigoda kimoja kitupu, na chini yake patasi zimepangwa vizuri juu ya kitambaa.

"Hiki cha nani?" niliuliza.

"Cha kijana wangu," alisema fundi. "Wiki iliyopita alitoka kununua viberiti."

"Mpaka leo anavitafuta," alisema dada. Hakucheka. Aligonga gunia jingine.

Nikakaa kwenye kigoda cha mtu aliyepandishwa lori. Fundi alinipa msasa na kibao. Hakuniuliza jina. Nadhani alikuwa na kazi iliyomzidi na alihitaji mikono, si zaidi ya hapo. Naye alikuwa na hofu yake. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimsimamisha mkono hewani.

Ili nilisahau lori nikamwonyesha ukurasa. Nilimwuliza kama anajua picha ya namna ile ilichorwaje.

"Haikuchorwa," alisema. "Imechongwa." Aliugeuza ukurasa kwanza, akapapasa upande wa nyuma kwa ncha za vidole akiwa amefumba macho. "Sikia hapa. Karatasi imeumwa. Ilikandamizwa juu ya kibao kama dada yako anavyokandamiza gunia. Palipo peusi ni mti uliobaki. Palipo peupe ni mti ulioondolewa."

Sikuelewa mara moja. Akanionyesha anga. Mimi nilidhani mtu alipiga mistari myeusi. Kumbe mtu alikwangua nafasi nyeupe kati ya mistari, moja baada ya nyingine, kwa kijipatasi chenye ncha kali, na mistari myeusi ni kile tu alichokiacha. Anga lililonichukua kitambo kidogo kulitazama lilimchukua mtu siku nyingi za kuinamia kibao, shingo imekakamaa.

"Na hakuchonga ubavuni mwa mti," aliendelea. "Ubavuni nyuzi zinakukamata, unataka kwenda huku zinakupeleka kule. Kachonga kichwani, kama hapa." Akagonga ule mviringo wa mninga wangu. "Kichwani mti hauna njia. Unakwenda utakako. Mpingo huu, kwa ugumu wake."

"Wazungu wanapata wapi mpingo?" dada aliuliza.

"Kwetu. Wanapata wapi kila kitu?"

Katika hilo alikosea. Miaka mingi baadaye, kwenye mizunguko yangu, nilielezwa na mtu wa kiwanda cha uchapaji kwamba picha zile zilichongwa kwenye mti mdogo wa manjano, mgumu, unaokua polepole mno, ambao shina lake halizidi sana paja la mtu. Lakini alama ya udogo ule fundi aliisoma mwenyewe siku ile ile kwenye ukurasa. Aliuinua kwenye mwanga wa mlango, akafuata mstari wangu mweupe kwa ukucha, toka angani hadi kooni, halafu akaonyesha mwingine niliokuwa sijawahi kuuona, uliolala ukipita magotini mwa watu wote.

"Hakuwa na mti mpana," alisema. "Kaunga vibao. Hapa kibao na kibao vimeachana. Mbao imekauka, au kilichovikaza kimelegea. Wino haushiki kwenye ufa."

"Kwa hiyo hakumaanisha kumkata koo?"

"Nani?"

"Aliyechonga."

"Huo ni ufa, kijana. Ufa haumaanishi kitu."

Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha, wakati bado naona wepesi ule, fundi aliongeza jambo lililonirudisha nilikotoka. Alisema vibao havikuchongwa na mtu mmoja. Anga lilichongwa na mkono uliotulia, mistari yake ina upana mmoja. Majani yalichongwa na mtu mwenye haraka. Nyuso zilipewa mkono mzuri kuliko wote, ila upande mmoja tu wa ufa. Upande wa pili watu wote walikuwa na uso mmoja, na nguo zao zilikwanguliwa kama miamba.

"Waligawana," alisema. "Kila mtu na kibao chake, ili kazi iishe upesi."

Nikamtazama mtu wa tatu. Ufa ulipita kooni mwake, na kwa kuwa alichongwa ametanguliza kichwa mbele, kichwa chake kilikuwa mezani kwa fundi mmoja na kifua chake mezani kwa mwingine. Huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mzima. Ningependa kusema nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilijiogopea. Nilifikiria balozi ana kipande changu, binamu ana kipande, mwenye lori naye ana chake, na kila mmoja anamaliza kazi yake upesi.

"Na huyu aliyechonga kongwa hajawahi kubeba mti," fundi alisema, sasa akiwa na hasira kidogo. "Mti wa urefu huu ukikukaa shingoni hivi, uzito wote unaangukia mbele. Huwezi kupiga hatua. Lazima wa mbele akushikie. Huyu kawachonga wanatembea kama wamevaa tai."

Dada aliinuka kuja kuangalia. Alitazama, akarudi kwenye magunia yake.

Fundi alinikatia kipande cha ule mninga, akakilainisha kichwani, akanipa patasi ndogo kuliko zote. "Jaribu. Mtu mmoja tu. Usiniharibie ncha."

Nilimchagua mtu wa tatu. Nilitaka awe mzima kwenye kibao kimoja. Nilimnakili kwa mkaa jinsi nilivyomwona, nikaanza kukwangua. Saa nzima nilisahau kuogopa, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ile ninayoweza kuisemea hivyo. Mti ulikataa, ukakubali, ukamega pale nisipotaka umegeke. Panda ya kongwa, ile sehemu ya mbele iliyogawanyika, ilivunjika upande mmoja. Nikaacha kipande kinene kimejipinda mwishoni mwa mti. Kamba ya kulifunga shingoni ilinishinda kabisa. Nilijikata kidole mara kadhaa.

Wino wa dukani haukupatikana miaka hiyo, kwa hiyo fundi alitumia mafuta ya maganda ya korosho yaliyochanganywa na masizi. Yanakauka meusi na hayafutiki, lakini yanaunguza ngozi kama moto wa polepole. Yeye na dada mikono yao ilikuwa imeota madoa na magamba. Mimi sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia. Nikapaka kibao kwa kidole kile kilichokatika.

"Mama yangu!" nilipiga kelele.

"Karibu kazini," alisema dada, akinisukumia kopo la majivu. "Sugua. Na usishike macho, wala kwingine unakokupenda."

Nikakandamiza kibao kwenye kipande cha gunia, nikainua. Mtu wangu alikuwepo, mweusi, mnene, mwenye kichwa kama kiazi. Lakini alikuwa anatembea kutoka kulia kwenda kushoto.

Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. Kosa lile hufanywa na kila anayeanza. Unachonga unavyoona, nayo chapa inageuza. Kila herufi aliyokuwa akichonga yeye aliichonga kinyume bila kufikiri, kama mtu anavyotembea.

"Umemgeuza!" alisema. "Wenzake wanakwenda pwani, yeye anarudi kwao."

Bado anacheka tulisikia gari limesimama. Kicheko kilikatika. Mlango ukafunikwa na mtu wa sare, kijana wa rika langu, fimbo kwapani. Nyuma yake niliona ubavu wa lori.

"Ndugu wananchi, habari za kazi?"

"Nzuri, afande," tulijibu wote watatu, mimi kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Mzee, wiki iliyopita hapa mlikuwa wawili. Huyu nani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Kitambulisho?"

"Ndiyo kwanza ameanza, afande."

"Wote ndiyo kwanza wameanza. Mji mzima umeanza kazi leo." Alinisogelea. "Lete mikono."

Nikainyoosha. Aliigeuza, akatazama viganja laini vya mtu asiyeshika jembe, halafu akafika kwenye kidole kilichovimba, cheusi, kinachovuja damu na majivu. Aliguna. Akatazama mezani.

"Hiki nini?"

Alikuwa ameshika kipande cha gunia. Nilijibu neno la kwanza lililonijia, lile la fundi.

"Ni mtu, afande. Anarudi kwao. Kijijini."

Nilipomaliza kulisema nilielewa nimesema nini. Nilikuwa nimempa mtu wa serikali picha ya mtu aliyefungwa kongwa shingoni, nikamwambia anarudi kijijini, na lori lao linanguruma nje. Fundi naye alielewa. Nilimwona akiuvuta ule ukurasa wa kitabu taratibu kutoka mezani na kuukalia. Kama mgambo angeuliza tumenakili wapi, ingekuwa si habari ya uzururaji tena. Ingekuwa jambo jingine, ambalo jina lake sikulijua, na kutolijua kulinitisha zaidi.

"Mbona ana kitu shingoni?" aliuliza.

Nilisikia mabati yakilia kwa joto.

"Jembe hilo, afande," alisema dada, bila kuinua macho kwenye magunia. "Huoni lilivyopinda mbele? Kalitia begani. Nyie watu wa mjini hata jembe mmelisahau?"

Mgambo alisogeza gunia mbali, akalikaribia tena. Panda iliyonivunjikia, na lile bonge lililobaki limejipinda, kweli lilikuwa jembe. Kamba iliyonishinda haikuwepo. Ningekuwa na mkono mzuri kidogo tu, sijui tungekuwa wapi.

"Ahaa," alisema. Uso wake ulilegea, akaonekana mtoto. "Anakwenda shamba. Safi. Hii ni kazi ya maana, mzee, kuliko vile vinyago vyenu vya mashetani. Nitamwonyesha mkubwa ofisini." Akakunja gunia, na wino mbichi ukamshika vidole. Akaupeleka mkono usoni kujifuta jasho.

"Usijifute!" dada na fundi walipiga kelele pamoja. Mgambo akaruka nyuma, fimbo juu. Dada alikwisha kumshika kiwiko. "Majivu, baba, majivu kwanza. Itakuunguza macho hiyo." Akamsugua vidole vile mtu anavyomsafisha mtoto, huku mgambo amesimama ametoa mkono, anaona haya, na mimi nikiwaza kwamba tone moja tu kwenye jicho lake lingetupeleka sote.

Alipofika mlangoni alinigeukia. "Wewe. Kesho napita tena. Nataka kujua unalala wapi na balozi wako nani. Ukikosa jibu, ndugu yangu, utakwenda kulishika hilo jembe mwenyewe."

Lori liliondoka. Fundi aliutoa ukurasa chini yake, akaufumbata, akautia kwenye jiko la gundi. Sikumzuia. Uliungua upesi, ulikuwa mkavu sana. Kisha alichukua kibao changu, nikadhani nacho kinakwenda motoni, lakini alikikwangua tu hadi mtu wangu akaisha, akakirudisha rafuni. Mninga ulikuwa adimu.

"Mkubwa wake akiwa na macho?" niliuliza.

"Basi ataona." Alipangusa patasi, akaniuliza. "Unalala wapi?"

Nilimweleza. Kwa binamu sikuweza kurudi, kwa kuwa balozi wa kule ndiye aliyekuwa ananingoja.

"Yupo mama mmoja wa kwetu, Ukonga. Ana chumba. Mwambie umetumwa na fundi wa magunia. Akikukubali, kesho uje asubuhi. Asipokukubali, usije kabisa, usinilaumu."

Nilitembea njia ya Pugu jua likiwa usoni. Sikuwa na mbao ya kusingizia kazi. Kila gari lilipotokea nyuma nilijiona jinsi ninavyoonekana kutoka kwenye kiti cha dereva, kichwa, mabega, mfuko, na niliwaza kuhusu lile gunia lililokunjwa mezani kwa mtu nisiyemjua. Labda hata sasa alikuwa analikunjua. Labda alikuwa na babu aliyemsimulia kongwa ni kitu gani. Sikukimbia, kwa sababu anayekimbia huulizwa. Nilijilazimisha kutembea.

Nilifika Ukonga wakati wa magharibi. Nilielekezwa hadi nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiliwa. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na fundi wa magunia, Chang'ombe."

"Marahaba. Yule bado anacheka akishika nguzo?"

"Leo kacheka, mama."

"Basi kweli umetoka kwake." Aliniangalia kidole. "Na korosho imeshakubusu. Chumba kipo, kina mkeka, kitanda utajitafutia. Lakini mwenye kusema ndiyo ni mume wangu. Tena ndiye balozi hapa. Yupo nyuma, anaoga."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikaketi kwenye ngazi. Kisha nikaona, karibu na mlango, jozi ya buti nyeusi zilizopigwa rangi, na juu yake, kwenye msumari, shati la sare, mkanda na rungu. Nikakumbuka Ukonga kuna nini. Nilikuwa nimekuja kuomba kulala kwa askari magereza.

Nilitaka kuinuka. Lakini kiza kilikuwa kinaingia, na hapakuwa na nyumba nyingine katika mji mzima ambayo mtu angenijibu mlangoni. Mume akatoka na taulo kiunoni, mtu mrefu, maji yakimtiririka. Nikampa shikamoo kwa mikono miwili. Mkewe alimweleza, akiendelea na mchicha. Yeye alinisikiliza macho yake yakiwa kwenye mfuko wangu, kisha kwenye kidole.

"Unafanya kazi gani?"

"Nachonga, mzee. Chapa za magunia."

"Tangu lini?"

Lile swali la pili. "Tangu leo."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye viwiko vyake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akinishika mkono sitavuta.

"Kesho mgambo akikuuliza balozi wako nani," alisema, "mwambie ni mimi, na aje aniulize mwenyewe. Unakoroma?"

"Sijui, mzee. Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Haya, tutakuambia asubuhi," alisema, akaingia ndani kuvaa.